Wingu la Matogoro na Ndege ya Bombay

Songea, Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Uko chumba cha pili unacheka na Bibi yako, nami nimekaa hapa mezani na kalamu. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya kushika pasi ya kusafiria mkononi na si kuitia kwenye begi, baba yako amekwisha kukwambia tangu juzi, mengine mara tatu, kwa hiyo siyarudii. Nataka nikujibu lile ombi lako la mchana. Nilikujibu kwa neno moja, na neno moja halikutosha.

Ulikuwa unaosha sahani. Ukasema bila kunitazama, "Mama, kesho wingu likiwa chini, si unaweza kuandika liko juu kidogo tu? Rubani naye ana macho."

Nikasema, "Hapana."

"Hata kwa ajili yangu?"

Nikasema tena hapana, nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Niliporudi sahani zilikuwa zimepangwa na wewe umeondoka.

Si kwamba sijui unachoogopa. Pasi yako na viza vilifika jana jioni, wakati mabasi yote yameshaondoka, na leo Jumapili hakuna la kwenda Dar. Kwa hiyo imebaki ndege ndogo ya kesho. Isipokuja kesho, itakuja Alhamisi. Ile ya Bombay inaondoka Dar Jumanne saa moja asubuhi, na chuo kimeandika kwamba atakayechelewa kujiandikisha, nafasi yake anapewa mwingine. Basi la kesho linaweza kukufikisha Dar usiku, lakini likipasua gurudumu mara mbili tu, au likikuta lori limelala mlimani Kitonga, utafika wakati wenzako wako angani. Yote haya nimeyapiga hesabu kama wewe. Tofauti ni kwamba mimi ndiye nitakayesimama kesho alfajiri uwanjani pale, niutazame mlima wa Matogoro, halafu niseme kwenye redio kol nilichokiona. Na ndege haing'oki Dar mpaka waisikie sauti yangu.

Kwanza nikushukuru kwa jioni ya jana. Sijacheka hivyo tangu nimfahamu baba yako. Ameketi na tiketi yako chini ya taa, miwani puani, anatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kisha anatangaza kama anasoma taarifa ya habari, "Saa nane na nusu angani! Mtoto atakufa njaa."

Ukamwambia, "Saa sita, Baba. Saa za kule ziko mbele kwa saa mbili na nusu."

"Kwa hiyo saa mbili na nusu zangu zinaibiwa njiani?"

"Haziibiwi. Nikirudi narudishiwa."

"Nani anazitunza?"

Ndipo Bibi yako akatoa uzi wake wa kushonea, tukafungua atlasi yako ya sekondari, tukapima. Kutoka hapa Songea hadi Dar kwa mstari ulionyooka tulipata kilomita mia sita kasoro kidogo, na wewe ukasema ndege ndogo inazimaliza kwa saa moja na nusu. Kwa barabara ya Njombe na Iringa ni zaidi ya mia tisa, kutwa nzima na kipande cha usiku. Kisha uzi ukavuka bahari. Dar hadi Bombay, ambayo redio siku hizi inaiita Mumbai, kilomita elfu nne na mia sita hivi, saa sita.

Bibi akauangalia uzi, akauangalia uso wako, akauliza, "Ina maana Bombay ni karibu kuliko Dar?"

Baba yako akasema, "Bombay kwa ndege na Dar kwa basi, ndiyo, Mama."

"Basi angekwenda kusoma Dar ndiyo angetuacha mbali."

Wote mlicheka, na mimi nilicheka, lakini usiku niliandika maneno yake kwenye daftari langu la siku kwa sababu nilijua amesema jambo la kweli. Maisha yangu yote nimepima umbali kwa njia isiyo sahihi. Nilikuwa napima kwa woga. Hilo ndilo ninalotaka kukusimulia, na ombi lako limo humo ndani.

Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa kwenda Dar kujifunza upimaji wa hali ya hewa. Barabara ya lami ilikuwa bado kabisa. Ilikuwa masika, na nilipanda lori la tumbaku, juu ya marobota, pamoja na mama mmoja mwenye kuku na mwalimu aliyekuwa anahama. Tulikwama Lukumburu. Lori lilizama hadi kwenye ekseli na dereva akakaa chini ya turubai akiwa amekata tamaa kabisa. Watu wa pale ambao hawakutujua walituletea magimbi ya kuchemsha na togwa, wakatulaza majumbani mwao, wakashinda nasi kwenye tope wakichimba. Hakuna aliyetuuliza tutawalipa nini. Nilipofika Dar nilikuwa na tope hadi kwenye nywele na nimechelewa kuanza kozi. Nilidhani watanirudisha. Yule mzee aliyekuwa anapokea wanafunzi alinitazama, akanyanyua simu, akamwambia mtu, "Yule wa Songea amefika, nusu yake ni udongo." Kisha akaniambia nikaoge.

Huko Dar ndiko nilikoanza kuandika shajara. Mwalimu wetu alisema mpimaji asiyeandika siku yake mwenyewe hawezi kuaminiwa kuandika siku ya watu wengine. Siku uliyozaliwa wewe nimeandika: ukungu hadi saa tatu, halafu jua, mtoto wa kike, analia vizuri. Sikujua niandike nini zaidi. Furaha ilikuwa kubwa mno kwa mistari ile.

Nilirudi Songea na kazi. Unaijua, umekulia kwenye uzio wake. Kila saa natoka nje, nasoma vipimajoto kwenye kile kisanduku cheupe chenye miguu, naangalia mfuko wa upepo, naitazama Matogoro. Kama naona miti ya juu kabisa mlimani, hiyo ni hali njema. Kama naona kiuno cha mlima tu, naanza kuwa na mashaka. Kama mlima haupo, hakuna ndege. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unaniuliza mlima umekwenda wapi, nami nakwambia umejifunika shuka, na ukaamini mpaka darasa la pili.

Sasa nifike kwa Bibi yako. Unajua kwamba aliwahi kuugua tumbo akapelekwa Dar kwa gari ukiwa darasa la nne. Hujui kwa nini alikwenda kwa gari.

Daktari alikuwa amesema apandishwe ndege asubuhi ileile, upasuaji wake hauwezekani hapa. Nilikuwa zamu. Niliamka kabla ya jogoo, nikaenda uwanjani. Wingu lilikuwa limekaa mlimani lakini linainuka. Kiuno kilikuwa wazi na juu kulikuwa na mwanya. Siku nyingine yoyote ningesema linafunguka. Lakini siku hiyo mama yangu ndiye aliyekuwa apande, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshaiona ndege ikigonga mlima na yeye yumo ndani. Nikajiambia tusubiri kidogo. Nikasema kwenye redio kol kwamba limefunga. Dar wakaipeleka ndege Mtwara. Haikufika saa tatu, mlima ukawa wazi, jua likawaka juu ya kiwanja kizima, na mimi nimesimama katikati yake.

Tulimpeleka kwa gari la hospitali hadi Makambako, kisha gari jingine. Nesi aliyetusindikiza alikaa sakafuni njia nzima akishikilia chupa ya maji ya dripu kwa mkono, akibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, bila kusema amechoka. Kila nikisali rozari namtaja yule dada. Bibi yako alifika, akapasuliwa, akapona, na leo anacheka na wewe chumba cha pili. Siku aliyoweza kukaa kitandani aliniita karibu.

"Ile asubuhi," akasema, "niliona jua dirishani pale hospitali."

Nikamtandikia shuka upya.

"Uliogopa?"

"Niliogopa, Mama."

"Uliona nini hasa?"

"Niliona linafunguka."

Akanishika mkono. "Basi siku nyingine sema hivyo. Mimi ni mtu mzima, niache niogope mwenyewe."

Hakulitaja tena mpaka leo. Nashukuru sana kwamba hakulitaja, na nashukuru zaidi kwamba alilitaja mara ile moja.

Kwa hiyo, Skola, uliponiambia niandike wingu liko juu kidogo, hukuwa mtu wa kwanza. Mwaka jana mnunuzi mmoja wa mawe ya thamani wa Tunduru alikuja ofisini na viatu vyake vya kumetameta. Ndege ya kukodi ilikuwa inamsubiri Dar.

"Dada yangu, andika kweupe. Nina wageni wa Ulaya, wanaondoka leo."

Nikampa kalamu. "Haya kaka, andika wewe, na uweke jina lako."

Akaitazama Matogoro, akaitazama kalamu. "Mnh. Dada, wewe una roho ya chuma." Akaenda zake kunywa chai, akasubiri kama watu wengine.

Kwake lilikuwa jambo rahisi. Kwako si rahisi. Lakini nilishaandika wingu la chini ambalo sikuliona, kwa sababu nampenda mama yangu. Nikiandika la juu ambalo sitaliona, kwa sababu nakupenda wewe, nitakuwa nimefanya kosa lilelile, safari hii abiria ni wewe na watu wengine wenye mama zao. Ndiyo maana nilisema hapana. Ningepaswa kukueleza pale jikoni. Nilishindwa kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka uondoke na picha hiyo.

Na kuna lingine. Ulipofaulu darasa la saba ulichaguliwa kwenda Moshi. Nilizunguka maofisini wiki nzima mpaka wakakubadilishia, ukasoma hapahapa mjini. Niliwaambia watu una ugonjwa wa kifua. Ulikuwa na kifua kweli, lakini si cha kukuzuia kwenda Moshi. Kichwani nilikuwa nimeshaona basi limepinduka, malaria imekukuta bwenini, mimi niko huku. Niliripoti hali ya hewa ya woga wangu, na wewe ukaishi humo miaka minne. Hukuninunia. Ulikuwa ukitoka shule unapitia uwanjani, unasomea Fizikia kwenye dawati langu, unaniuliza kwa nini hewa ya moto hupanda. Maswali mengine nilikuwa sijui majibu, nikayaandika, nikayauliza Dar kwa redio shughuli zikipungua, na wale vijana wa zamu wakazoea kuuliza, "Mama Skola, leo binti anataka kujua nini?" Nilikunyima Moshi, wewe ukanipa miaka minne ya kukuona ukikua. Sijui kama ni haki kumshukuru mtu kwa kitu ulichomnyang'anya, lakini nashukuru.

Safari hii barua ya Bombay ilipokuja sikuzunguka ofisi yoyote. Huenda hukuligundua hilo. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, nikakwambia, "Nenda." Ni neno moja pia, lakini lile lilitosha, na lilinigharimu kuliko yote niliyowahi kusema kwenye redio.

Sina mengi ya kukuelekeza kuhusu huko. Sijawahi kupanda ndege. Nimezipokea na kuziaga nyingi, najua zinavyoinama zikikata kona juu ya mto, lakini jinsi Songea inavyoonekana kutoka juu utakuja kuniambia wewe. Ninachoweza kukupa ni hiki nilichokipata kwa shida: ukiwa kule, ukiniandikia, niandikie ulichokiona. Ukiwa mgonjwa, sema u mgonjwa. Ukiwa mpweke, usiniandikie kwamba kuna marafiki wengi. Mimi nami nitafanya vivyo hivyo. Bibi yako akiumwa nitakwambia anaumwa, sitakupunguzia wala kukuongezea, na wewe ndiye utakayeamua uogope kiasi gani. Barua zitachukua wiki kadhaa kufika. Zikiwa za kweli, hazitakuwa za zamani.

Baba yako amekuja kusimama nyuma yangu. Anasema, "Unamwandikia kitabu? Mtoto atalipishwa uzito uwanjani." Nimemwambia aende akalale. Ameleta lile sanduku alilokutengenezea kwa mbao za mninga. Amelipaka nta leo tena, mara ya nne, ili apate sababu ya kulishika. Usimwambie nimekwambia.

Naacha hapa. Kesho nitaamka mapema.

Jumatatu asubuhi, ofisini uwanjani

Skola, naongeza haraka, kwenye karatasi ya kazini.

Nilifika kukiwa giza bado. Kulipopambazuka, Matogoro haikuwapo. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nilisubiri kiuno cha mlima kionekane na hakikuonekana. Mfuko wa upepo umelala kabisa, hakuna hata upepo wa kulisukuma wingu. Nilikuwa nimeshika redio kol mkononi na sijaibonyeza, ndipo nikawasikia wewe na baba yako mnakuja, baiskeli inalia chini ya sanduku.

Ulikuja hadi kwenye uzio pale ulipokuwa unasimama ukiwa mtoto. Nilidhani utaniuliza nimeandika nini. Uliniuliza, "Limekaa wapi, Mama?"

Nikakuonyesha kwa kidole. "Mlima ungekuwa pale."

Ulitazama. Baba yako akataka kusema neno, ukamnyooshea mkono anyamaze. Ulitazama muda mrefu, macho umeyakaza, ukaenda hadi mwisho wa uzio ukatazama kutoka kule. Nilikuona unatafuta mwanya, hata mdogo. Ukarudi.

"Miti siioni," ukasema. "Hata kiuno sikioni."

"Mimi pia sioni."

Ukaushika uzio kwa mikono miwili. "Sema ulivyoona, Mama."

Nikabonyeza, nikasema. Dar wakajibu kwamba ndege ya leo haiji. Yule kijana wa zamu aliuliza, "Mama Skola, si leo ndiyo safari ya binti?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Poleni. Mwambieni awahi basi." Baba yako alikuwa ameshapanda baiskeli. Amekwenda stendi kumwomba dereva wa basi la saa moja apite hapa njia panda akuchukue, na ninavyomjua atakuwa amelala mbele ya matairi mpaka akubaliwe. Baba yako mdogo atakusubiri stendi Dar hata ukifika alfajiri, na ana gari la rafiki yake la kukukimbiza uwanjani.

Sijui kama utaiwahi ya Bombay. Ni kweli sijui, na sitakwambia najua. Nikitazama saa, kama barabara ni njema, utaiwahi. Nimemwomba Mungu na nimemshukuru papo hapo, kwa sababu hata ukiikosa, leo asubuhi nimepata kitu ambacho nilikuwa sijathubutu kukiomba. Umekaa sasa kwenye ngazi ya ofisi unakula kiporo cha viazi, hujanuna, unamwambia kuku wa jirani habari za India. Nakuona kupitia dirishani ninapoandika.

Pengine wingu hili litafunguka saa tatu kama lile la Bibi yako. Likifunguka, nitatoka nje na nitaandika kwamba limefunguka. Wakati huo wewe utakuwa unapanda milima ya Njombe, na popote watakapokwambia kwamba Songea kulikuwa kweupe, utawajibu kwamba saa moja hakukuwa kweupe, ulikuwepo na ulitazama mwenyewe.

Basi linapiga honi. Nakuja kukupa karatasi hizi mlangoni.

Mama yako